Sarafu za Shosho: Jinsi ya Kutambua Fedha ya Kweli Bila Kutapeliwa

Mwaka jana anti yangu wa Umoja aliona tangazo kwenye Facebook. "Tunanunua sarafu za zamani za Kenya. Ile ya 40 bob yenye picha ya Kibaki tunalipa hadi 850,000." Akakumbuka kwamba Shosho, huko Kaloleni, ana mkebe wa Kimbo umejaa sarafu. Akaenda, akachagua mbili za 40 bob, akapiga picha, akatuma WhatsApp.

Jibu lilikuja kwa dakika tatu. Hongera, sarafu zimekubaliwa. Lipa 2,500 za usajili. Akalipa. Kesho yake wakataka 6,800 za cheti cha kuthibitisha sarafu. Akalipa pia. Siku ya tatu wakaitisha 15,000 za "kufungua malipo", na hapo ndipo akanipigia simu nimkopeshe.

Hiyo 9,300 ilikuwa sehemu ya karo ya binamu yangu. Haikurudi. Na mimi nafanya kazi hapa, kwenye kampuni ya malipo kwa simu, kazi yangu ni kuandika makala za kuwafundisha wateja wasiibiwe. Niliona aibu kuliko yeye. Ameniruhusu nisimulie mradi nisimtaje jina.

Lakini kuna sehemu ya pili ya hadithi. Tulipoenda kumweleza Shosho, alimwaga mkebe wote kwenye meza, akauliza, "Na huyo mtu wa simu hakuuliza hizi zingine?" Hizo zingine ndizo zilikuwa na madini ya fedha ndani yake. Tapeli hakuzijua. Sisi pia hatukuzijua. Kama tungezijua, pengine Anti hangetuma hata shilingi.

Basi hili ni somo la leo. Tutajifunza kusoma mkebe wa sarafu za zamani, kujua ipi ni fedha na ipi ni shaba, kupiga hesabu ya bei, na kuuza au kununua bila kuumia. Chukua kalamu na karatasi.

Kwanza, maneno yenyewe yanatuambia kitu

Kiswahili kina neno moja, fedha, kwa vitu viwili: pesa ya matumizi, na yale madini meupe ambayo mtaani tunaita silva. Si bahati mbaya. Kwa karne nyingi pesa kubwa ya pwani ilikuwa ni madini hayo yenyewe. Neno pesa nalo limetoka kwa paisa, sarafu ndogo ya India. Kwa hivyo kila ukisema "nitumie pesa" unataja sarafu ya shaba iliyovuka Bahari ya Hindi.

Kwa wazee wetu, thamani ilikuwa ndani ya sarafu. Uliipima, uliigonga usikie mlio. Leo thamani iko kwenye ahadi: noti ni karatasi, na salio la simu ni namba tu kwenye rekodi. Mtu wa leo akishika sarafu ya zamani hana kipimo, na pale ambapo huna kipimo, tapeli anakuletea chake.

Fedha ilivyotoweka kwenye sarafu zetu

Hii ndiyo sehemu muhimu kuliko zote. Ukiielewa, unaweza kuangalia tarehe ya sarafu na kujua karibu kila kitu.

*Riale ya Maria Theresa.* Sarafu kubwa ya Austria iliyotumika sana pwani ya Afrika Mashariki, Uarabuni na Ethiopia. Uzito wake ni gramu 28.07, na fedha ni asilimia 83.3. Shika hili: zote zimeandikwa 1780, mwaka aliokufa malkia huyo, hata zile zilizopigwa karne ya 20. Wafanyabiashara walizoea sura hiyo hiyo, kwa hivyo viwanda vya Vienna, London, Rome na Bombay viliendelea kuipiga bila kubadilisha tarehe. Ukiona 1780 usiruke juu.

*Rupia ya Mombasa, 1888.* Ilitolewa na kampuni ya Imperial British East Africa, iliyotawala kabla ya serikali ya Uingereza kuchukua nchi. Ina neno "Mombasa" na picha ya mizani. Gramu 11.66, fedha asilimia 91.7, kiwango kile kile cha rupia ya India.

*Senti 25 na senti 50 za rupia, kuanzia 1906.* Wakati huo rupia moja ilikuwa senti 100. Fedha ni asilimia 80. Hizi ndizo enzi za Carrier Corps, wapagazi wa Vita vya Kwanza waliolipwa kwa rupia. Jina la jeshi hilo ndilo lilizaa Kariokor, pale unaponunua kiondo na nyama choma.

*Florini, 1920.* Rupia iliondolewa, ikaja florini. Fedha ikashuka hadi asilimia 50. Bei ya fedha duniani ilikuwa imepanda sana baada ya vita, na Uingereza yenyewe ilipunguza fedha kwenye sarafu zake hadi nusu mwaka huo huo. Florini haikudumu, kwa hivyo wakusanyaji wanaitafuta.

*Shilingi ya Afrika Mashariki, kuanzia 1921.* Florini moja ikawa shilingi mbili. Hii ndiyo ile shilingi ya simba amesimama mbele ya milima. Gramu 7.78, lakini fedha sasa ni asilimia 25 tu. Zilizobaki ni metali nyingine, hasa shaba. Shilingi za 1921 hadi 1925 zina kichwa cha Mfalme George V, na za 1937 hadi 1946 zina George VI. Senti 50 za miaka hiyo nazo zina robo ya fedha.

*Shilingi ya 1948 kuendelea.* Simba ni yule yule, ukubwa ni ule ule, rangi inafanana. Fedha ni sifuri. Ni shaba na nikeli. Uingereza ilikuwa na deni la fedha la Marekani kutokana na Vita vya Pili, ikaondoa fedha kwenye sarafu zake za kawaida mwaka 1947, na zetu zikafuata.

*Sarafu za Kenya huru.* Benki Kuu ya Kenya ilianza kazi 1966 na kutoa sarafu zenye Mzee Jomo Kenyatta mwaka huo huo. Hakuna hata moja ya matumizi ya kawaida iliyo na fedha. Si ya Kenyatta, si ya Moi, si ya Kibaki, si za wanyama zilizotoka Desemba 2018.

Ukipanga mfululizo huo unaona ngazi ya kushuka: 91.7, 80, 50, 25, sifuri. Ndani ya miaka 60, sarafu ilibaki na sura yake lakini ikaondolewa moyo.

Warumi walifanya hivyo hivyo Misri

Usidhani ni Waingereza walioanza mchezo huu. Huko Ulaya na Marekani kuna watu wanaokusanya sarafu za fedha za mikoa ya Dola la Roma. Ile iliyopigwa karibu nasi zaidi ni tetradrakma ya Alexandria, Misri, hapa hapa Afrika.

Roma iliichukua Misri mwaka 30 KK, lakini haikuleta sarafu zake za kawaida. Misri ilibaki na pesa yake ya ndani, yenye maandishi ya Kigiriki na kichwa cha mfalme wa Roma. Ukileta pesa ya nje, uliibadilisha kwanza. Mwaka unasomwa kwa alama inayofanana na herufi L, ikifuatwa na herufi za Kigiriki zinazotaja mwaka wa utawala wa mfalme huyo.

Na fedha je? Ilipungua kidogo kidogo. Kufikia mwisho wa karne ya 3 tetradrakma ilikuwa shaba tupu au karibu, na Mfalme Diocletian akaifuta. Kwa sababu hiyo tetradrakma nyingi za karne ya 3 si ghali hata kama zina miaka zaidi ya 1,700. Zilipigwa nyingi, zikapatikana nyingi, na fedha ndani ni kidogo.

Chukua fundisho hilo uje nalo Eastlands: *umri pekee hauweki bei.*

Bei tatu za sarafu

Kila sarafu ya zamani ina bei tatu. Ukichanganya hizo tatu, utaumia.

*1. Bei ya madini.* Hii ni hesabu ya darasa la saba. Uzito, mara asilimia ya fedha, mara bei ya gramu moja ya fedha siku hiyo. Bei ya fedha hupanda na kushuka kila siku, kwa hivyo iangalie kwenye intaneti kabla ya kupiga hesabu. Kwa mfano tu, tuseme gramu ni shilingi 150:

- Riale ya Maria Theresa: gramu 23.4 za fedha, kama shilingi 3,500
- Rupia ya Mombasa 1888: gramu 10.7, kama 1,600
- Florini 1920: gramu 5.83, kama 875
- Shilingi ya simba 1921 hadi 1946: gramu 1.94, kama 291
- Senti 50 za miaka hiyo: gramu 0.97, kama 146
- Shilingi ya simba 1948 hadi 1952: sifuri
- 40 bob ya 2003: sifuri

Sonara atakupa chini ya hapo, hasa kwa zile za asilimia 25, maana kutenganisha fedha na shaba kuna gharama.

*2. Bei ya mkusanyaji.* Hii inategemea vitu vinne: zilipigwa ngapi, zimebaki ngapi, hali yake, na nani anaitaka. Rupia ya Mombasa ina bei ya mkusanyaji kubwa kuliko bei ya madini. Shilingi ya 1924 iliyosuguliwa mpaka simba haonekani ina bei ya madini tu.

Bei hii unaijua kwa kuangalia sarafu kama hiyo *iliuzwa* kwa ngapi kwenye minada ya mtandaoni, si *inaitishwa* ngapi. Mtu yeyote anaweza kuandika milioni mbili kwenye tangazo. Kuandika ni bure.

*3. Bei ya hadithi.* Hii ndiyo 850,000 ya Anti. Haina uzito, haina tarehe, haina mnunuzi. Ina hadithi tu: "ziliachwa chache", "Waarabu wanazitafuta", "kuna madini ya siri ndani". Ile 40 bob ilitolewa 2003 kuadhimisha miaka 40 ya uhuru. Ni sarafu nzuri ya kumbukumbu, watu wengi bado wanazo kwenye droo. Haitakujengea nyumba Ruai.

Mfano mwingine wa hadithi: senti kumi yenye tundu

Kwenye mkebe wa Shosho kulikuwa na senti kumi tatu zenye tundu katikati, zile ambazo watoto walizitia kamba. Moja ni ya 1936 na imeandikwa jina la Edward VIII.

Huyu mfalme alikaa kiti chini ya mwaka mmoja, akajiuzulu Desemba 1936, na Uingereza kwenyewe hakuna sarafu yake iliyoingia kwenye matumizi. Lakini Afrika Mashariki ilikuwa nazo, kwa sababu senti zetu zenye tundu hazikuhitaji picha ya kichwa, jina tu lilitosha. Ukisikia hivyo unafikiri umeshika dhahabu. La. Zilipigwa kwa mamilioni, na mpaka leo ni rahisi kupata.

Je, haina maana? Ina maana sana. Kwa mtu anayeanza kukusanya, hii ni sarafu ya kufurahia: bei ya chini, hadithi ya kweli. Furahia hadithi, lakini usiilipie kama mali.

Hatua saba za kusoma mkebe

1. Usioshe. Usitumie Vim, majivu, steel wool, limau wala dawa ya meno. Kusugua kunaondoa sura ya juu na kuacha mikwaruzo, na mkusanyaji ataona mara moja. Kama kuna udongo, maji safi na kukausha kwa kitambaa laini bila kusugua.

2. Shika pembeni. Jasho la vidole huacha alama.

3. Soma tarehe. Kwa shilingi ya simba, mpaka wako ni mmoja: 1946 kurudi nyuma ina fedha, 1948 kuja mbele haina.

4. Tafuta herufi ndogo. Hizi zinaonyesha sarafu ilipigwa wapi. H ni kiwanda cha Heaton, Birmingham. KN ni Kings Norton, Birmingham pia. I ni Bombay, SA ni Pretoria. Wakati wa Vita vya Pili utaona I na SA, maana zilikuwa zikipigwa ng'ambo hii ya dunia. Herufi moja inaweza kutofautisha sarafu ya kawaida na ya nadra kiasi.

5. Weka sumaku. Fedha haishikwi na sumaku. "Riale" ikirukia sumaku, hiyo ni chuma, iache. Lakini kumbuka shaba na nikeli ya 1948 pia haishiki, kwa hivyo sumaku inakataa feki, haithibitishi fedha.

6. Pima. Mizani ndogo ya sonara au ile ya dijitali ya kupimia viungo, mradi isome sehemu za gramu. Sarafu iliyolika hupungua kidogo. Ikikosa gramu nyingi au kuzidi, uliza maswali.

7. Andika. Daftari: tarehe, herufi, uzito, umeipata wapi, kwa nani, lini. Piga picha pande zote mbili. Weka kila moja kwenye bahasha ndogo ya karatasi, mahali pakavu. Zile karatasi laini za plastiki zinazonuka si nzuri, zinaacha utomvu wa kijani.

Tulifanya hatua hizi pamoja na Shosho siku ya Jumapili baada ya kanisa. Matokeo ya sarafu 14: shilingi mbili za 1924, shilingi moja ya 1944 yenye SA, senti 50 moja ya 1943 yenye I. Hizo nne ndizo zenye fedha. Zingine: shilingi mbili za 1952, senti kumi tatu zenye tundu, shilingi mbili za Kenyatta, tano bob moja ya pembe saba, na zile mbili za 40 bob.

Piga hesabu kwa ile bei yetu ya mfano: 291 mara tatu, jumlisha 146. Ni shilingi 1,019. Mkebe mzima una fedha ya elfu moja na kitu. Anti alikuwa ametuma 9,300 kwa ajili ya sarafu ambazo hazina hata gramu moja.

Kabla ya kuuza: sheria inasemaje?

Kumbuka hili kama una asili ya pwani, au unachimba msingi wa nyumba mahali pa zamani. Sheria ya Makumbusho ya Kitaifa na Turathi ya 2006 inahesabu kitu kinachohamishika kilichotengenezwa Kenya au kuingizwa kabla ya 1895 kuwa kitu cha kale. Kukipeleka nje ya nchi kunahitaji kibali. Na ukigundua ardhini kitu cha kihistoria, unatakiwa kutoa taarifa kwa Makumbusho ya Kitaifa ndani ya siku saba, ukionyesha mahali hasa.

Kwa nini mahali? Angalia Mtambwe Mkuu, kisiwani Pemba. Mwaka 1984 wanaakiolojia walichimbua hapo zaidi ya sarafu 2,000 ndogo za fedha pamoja na dinari chache za dhahabu. Baadhi zilikuwa na majina ya watawala wa pwani. Kwa sababu zilipatikana pamoja, kwenye udongo wake, ziliweza kueleza kwamba watu wa hapa walipiga fedha yao wenyewe karne nyingi kabla ya Mreno kufika. Kama mtu angeziuza moja moja barabarani, hadithi hiyo ingepotea.

Shilingi ya simba ya Shosho haiguswi na mpaka huo wa 1895. Rupia ya Mombasa ya 1888 inaguswa. Ukiwa na shaka, nenda Makumbusho ya Nairobi uulize. Kuuliza hakuumi.

Kulipa na kulipwa: kanuni za kampuni ya malipo

Sasa niongee kama mtu wa kazini.

Kanuni ya kwanza, na ukisahau zote usisahau hii: anayenunua ndiye anayelipa. Hakuna ada ya usajili, ya cheti, ya bima, ya kufungua malipo, ya kubadilisha dola. Mnunuzi wa kweli akitaka kuthibitisha sarafu, atakuja aione. Ukiambiwa utume chochote, hata mia mbili, mazungumzo yameisha. Hawa watu huanza na kiasi kidogo makusudi: ukishalipa 2,500, ya pili unalipa ili usipoteze ya kwanza.

Kulipwa hakuhitaji namba ya siri. Pesa ikiingia kwako huingizi siri yoyote. Anayekuomba namba ya siri, au ile namba ya uthibitisho iliyokuja kwa ujumbe, anataka kutoa, hataki kuweka.

Usiamini ujumbe, amini salio. Ujumbe wa "umepokea" unaweza kuandikwa na mtu yeyote kwenye simu ya kawaida. Kabla ya kuachilia sarafu, angalia salio lako mwenyewe kupitia menyu. Mwambie asubiri. Mwenye pesa halali husubiri.

Linganisha jina. Jina lililokuja kwenye muamala lilingane na la kitambulisho cha mtu aliye mbele yako. Andikianeni karatasi: sarafu gani, bei gani, tarehe, sahihi mbili. Akija baadaye kudai alituma kimakosa ili arudishiwe, karatasi hiyo ndiyo wakili wako.

Kutanieni mahali pa watu. Hoteli yenye watu wengi mchana, au ndani ya benki. Si kwenye ngazi za jengo, si kwenye gari. Nenda na mtu.

Ukinunua, anza kidogo. Nunua sarafu moja, si mkoba mzima. Pima kabla ya kulipa. Mtu akikukataza kupima, ashike njia.

Kama tayari umetuma: piga simu kwa huduma kwa wateja wa kampuni yako ya malipo dakika hiyo hiyo. Kila dakika ina maana, kwa sababu pesa ikishatolewa kwa wakala ni vigumu kuirudisha. Anti alingoja siku tatu kwa sababu ya aibu, na akaunti ile ilikuwa tupu. Kisha nenda kituo cha polisi upate namba ya OB, na uhifadhi ujumbe wote, picha na namba za miamala. Usifute kwa hasira. Na jihadhari na "mtu wa kurudisha pesa" atakayekutafuta baadaye akitaka ada. Mara nyingi ni yule yule.

Kukusanya bila hela nyingi

Kama makala hii imekuwasha kidogo, vizuri. Huhitaji milioni. Chagua lengo dogo: mathalani, shilingi ya simba moja ya kila mwaka, au senti zenye tundu za kila mfalme. Ukishuka stage za mjini, pita Kenya National Archives pale Moi Avenue, uone mkusanyo wa Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa pili wa Rais, mtu aliyekusanya vitu vya Afrika maisha yake yote. Utaelewa kwamba mkusanyaji huweka kumbukumbu kwanza, faida baadaye.

Na anza nyumbani. Waulize wazee kabla ya kuuliza Google. Muda ambao Shosho alikuwa akituonyesha zile za simba, alitueleza jinsi Guka alivyokuwa akifanya kazi ya reli na kuzitenga zile za tarehe za nyuma, akisema hizo zina fedha. Sote tulidhani ni maneno ya wazee. Alikuwa sahihi, mpaka mwaka.

Jipime

1. Shilingi ya simba ya 1950: ina fedha? *Hapana. Baada ya 1946 hakuna.*
2. Sarafu imeandikwa 1780. Je, ilipigwa 1780? *Si lazima. Riale za Maria Theresa zote zina tarehe hiyo.*
3. Mnunuzi anataka 500 tu za kuhifadhi nafasi yako. Unafanya nini? *Unakata simu.*
4. Umepokea ujumbe kwamba umelipwa. Unaachilia sarafu? *Bado. Angalia salio kwanza.*

Anti amelipa karo kwa awamu, ikamalizika mwezi wa pili. Zile 40 bob mbili amezirudisha kwenye mkebe. Nilimuuliza Shosho kama anataka niziuze zile nne za fedha, akacheka. Akasema elfu moja atatumiwa na wajukuu, lakini Guka hawezi kutumiwa tena. Akafunga mkebe.

Jioni ya leo, fungua mkebe wa nyumbani kwenu. Na kama kuna jirani au jamaa anayeongea na "mnunuzi" kwenye simu, mtumie makala hii kabla hajatuma pesa.